Maski ya Padre kwenye Pua ya Shangazi

Wadogo zangu, nyamazeni kidogo, mstaafu anaongea.

Najua mnacheka. Mstaafu gani ana miaka kumi na sita na bado anachapwa kwa kuchelewa namba? Chekeni tu. Wengine wanastaafu na mvi na kiti cha uvivu, mimi nastaafu na chunusi na sanduku la bati. Jumatatu naingia kidato cha kwanza, bweni, huko Kahororo. Kazi niliyoifanya tangu ile mashine iingie hapa kwetu Ijuganyondo nawaachia ninyi: wewe Koku, kwa sababu una mikono myepesi, na wewe Mwombeki, kwa sababu hakuna mwingine.

Kazi yenyewe ni ufundi wa maski ya Shangazi. Nilikuwa fundi mkuu. Nilikuwa pia fundi pekee, ndiyo maana ukuu haukunisumbua.

Kwa ajili ya mdogo wetu Asteria, aliyefika juzi na bado anadhani sisi ni watu wa kawaida, naanza na Shangazi Leokadia mwenyewe. Asteria, humu ndani sote ni watoto wa kaka zake na dada zake. Ule ugonjwa wa kukondesha, ukimwi, uliochukua wazazi wetu, ambao wakubwa wanauita Juliana utadhani ni binti wa kwaya, ulimwachia Shangazi nyumba iliyojaa vichwa na sufuria moja kubwa. Hakulalamika. Aliongeza maji kwenye maharage.

Tatizo la Shangazi lilikuwa usingizi. Kusema alikoroma ni kumpunguzia heshima. Alikuwa anasaga. Ng'ombe wa jirani walijua saa zake za kulala. Halafu, katikati ya kusaga, kimya. Hakuna pumzi, hakuna kitu. Sisi chumba cha pili nasi tunabana pumzi, tunasubiri, mpaka ashtuke na kuvuta hewa kama mtu aliyeopolewa ziwani, ndipo nasi tuvute. Mwaka mzima tulilala hivyo, kwa kupokezana naye pumzi.

Mchana alilipa deni. Alilala akimenya ndizi, kisu mkononi. Alilala kanisani akiwa amesimama, kwenye Nasadiki, na akaamka kwenye Amina kwa sauti kuliko wote. Alilala matangani kabla wafiwa hawajamaliza kulia, na huko mtu akikoroma hakuna pa kuficha uso, maana mmelala wote kwenye nyasi zilezile. Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Ma Verdiana, jirani yetu mwenye masikio marefu, alisema ni mabomu ya vita vya Kagera: "Wakati ule alikesha mwezi, sasa usingizi unamdai." Wengine walisema ni Juliana ya wanene. Haipo, lakini iliwatosha.

Halafu siku moja alisinzia mekoni, kuni zikasogea, na pindo la gauni la Koku likashika moto. Koku, wewe unakumbuka kovu, mimi nakumbuka mgeni. Ta Anatori alikuja.

Ta Anatori ni kaka mkubwa wa Shangazi, ndiye kichwa cha ukoo tangu wengine waishe. Anafanya biashara ya samaki kwenye visiwa vya Muleba. Si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Ni mtu aliyezika sana, na mtu aliyezika sana anapenda kupanga mambo mapema.

"Leokadia," alisema, hata chai hajaigusa, "utawaua hawa."

"Nilisinzia kidogo tu, kaka."

"Moto nao uliwaka kidogo tu. Tutakaa kikao. Hawa wavulana waje kwangu visiwani, wavute nyavu. Koku aende Kashozi kwa mama mdogo. Wadogo tutaona."

Tungegawanywa kama nyama ya Krismasi. Na visiwani kwenyewe hali mlikuwa mnaijua: ule ndio mwaka ambao watu hawakutaka samaki, kwa sababu ya vita vya ng'ambo na maiti zilizokuwa zikishuka na mto hadi ziwani. Ta Anatori angetulisha nini? Nyavu?

Sasa mashine. Kule misheni Kashozi kulikuwa na Padre mzee, Mzungu, ambaye Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja. Shangazi alikwenda na wanawake wenzake kumuaga, mimi nikiwa nimebeba mkungu wa ndizi kichwani. Padre akaanza kuwashukuru. Shangazi akasinzia kitini. Akasaga. Wanawake wakamfinya. Padre akainua mkono: "Mwacheni."

Akanyamaza, akasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya kwao. Shangazi alipokata pumzi, Padre naye akakata. Aliposhtuka, Padre akapiga makofi.

"Huyu mama halali," akaniambia. "Anakabwa. Hata mimi nakabwa."

Akaniingiza ndani akanionyesha. Kisanduku kizito, bomba kama la kuvutia petroli ila jeupe, na mwisho wa bomba maski ya puani yenye mikanda. Ubavuni kumeandikwa CPAP. Sisi tukaisoma Sipapu na imebaki Sipapu. Akaeleza: koo la watu kama wao likilala linalegea na kujifunga, kama mfuko mtupu ukiufyonza. Sipapu inapuliza upepo puani usiku kucha, mfuko unabaki wazi. Huko aendako kuna mpya inamsubiri. Hii akatupa. Daktari wa hospitali ya misheni akampima Shangazi, akarekebisha nguvu ya upepo, akasema mashine iko sawa, kazi iliyobaki ni ya maski. Alisema kwa wepesi kama mtu asiyeishi na maski.

Maana pua, wadogo zangu! Maski ile ilizoea pua ya Padre, ndefu na nyembamba kama mpini wa jembe. Pua ya Shangazi ni hii yetu ya ukoo, pana, imekaa chini kwa utulivu kama chungu. Nilimvalisha, nikawasha, upepo ukatoka juu na kumwingia machoni, ukatoka pembeni na kupeperusha kilemba.

"Proje mwanangu," akasema, machozi yanatoka, "nalala au naendesha pikipiki?"

Hapo ndipo ufundi ulipoanza, na fundi alianza kwa ujinga, kama mafundi wote.

Nilijiuliza: sisi kwetu kitu kikivuja tunakizibaje? Sufuria ya ndizi ikipitisha mvuke, unafanyaje? Unachukua jani la mgomba, unalibabua motoni mpaka lilegee kama kitambaa, unafunika. Hakuna mvuke unaopita hapo. Basi nikachagua jani changa, nikalibabua, nikalikata duara, nikalipanga kati ya maski na uso. Lilishika! Shangazi alifumba macho. Koku alinipigia makofi. Nilikuwa tayari ninatunga hotuba ya kupokea nishani.

Kisha jani likapoa. Jani la mgomba likipoa linakakamaa, na upepo ukipata jani lililokakamaa unalipiga kama mdomo wa tarumbeta. Pwaaaa! Nyumba nzima. Ma Verdiana akaja mbio na jembe mkononi akiuliza nani kapiga mbiu. Shangazi alikaa kitandani na kipande cha jani shavuni, akacheka mpaka akakohoa, na huo ndio mwisho wa jani. Mnaweza kucheka, lakini niambieni ukweli: yupi kati yenu asingelijaribu?

Baada ya jani akaja Mwombeki. Mwombeki, nisamehe, lakini vijana wajifunze. Mbele ya maski kuna vitundu vidogo, na upepo unatoka hapo muda wote, fsssss. Mwombeki akaamua kuwa ule ndio uvujaji wenyewe, akaviziba kwa nta ya nyuki, safi kabisa, kazi ya mikono ya dhahabu. Shangazi alivaa kidogo tu akaivua kwa nguvu: "Narudishiwa pumzi yangu mwenyewe, waitu!" Vile vitundu ni mlango wa pumzi chafu. Havizibwi. Upepo wa pale unatakiwa, wa pembeni ndio hautakiwi. Nilitoboa nta kwa mwiba wa mchungwa nikimwimbia Mwombeki nyimbo ambazo hazimo kwenye kitabu cha kanisa.

Halafu nikafanya kosa lililokaribia kutumaliza.

Nilikaza mikanda. Si ndivyo? Kinachovuja kinakazwa. Bomba, tairi, mzigo wa baiskeli. Nikavuta mikanda nyuma ya kichwa cha Shangazi mpaka mashavu yakapanda kama maandazi. Uvujaji ukapungua, naye akalala kuliko siku zote, nikaona nimeshinda. Baada ya siku chache daraja la pua likachubuka, na kwenye mashavu kukatokea michirizi, myekundu halafu myeusi, ikizunguka kuelekea masikioni. Na vipele juu yake, maana alikuwa anapaka mafuta ya mgando kabla ya kulala na mafuta yalijifungia chini ya mpira.

Ma Verdiana alimwona kisimani. Hakusema kitu, ndipo tukajua amesema kwa wote.

Asteria, hujui mkanda wa jeshi? Ni vipele vinavyozunguka mwili kama mkanda wa askari. Zamani ilikuwa ugonjwa tu. Miaka hii mtu akivipata, majirani wanamhesabu ni wa Juliana, wanaanza kumwongelesha kwa sauti ya chini. Na Shangazi wetu alikuwa nao usoni, mchana kweupe. Kwa hiyo habari zikavuka maji: Leokadia analala mchana, sasa ana mkanda wa jeshi, watoto wachukuliwe upesi kabla hajalala kitandani. Ta Anatori akatuma neno na mwenye mtumbwi: kikao Jumamosi ijayo, ukoo wote.

Shangazi alipolipata neno alikaa kwenye kigoda, akajishika shavu. "Niivue," akasema. "Bora nikorome na uso wangu."

"Ukiivua utasinzia mbele yao."

"Nikiivaa watanizika mbele yangu."

Hapo, wadogo zangu, sikuwa na utani.

Kilichonisaidia ni aibu ya mashavu yale. Nilisema, ngoja vidonda vipumue, nilegeze mikanda kabisa, nione inavuja wapi hasa. Na nilimlaza mchana, mashine ikiwashwa. Mpaka siku hiyo nilikuwa nampima akiwa amekaa kama anapigwa picha. Lakini uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyekaa! Mashavu yanahama. Nyama zinakwenda pembeni. Maski iliyotoshea mtu aliyekaa ni ya mtu mwingine akilala. Basi mlazeni kwanza kwenye mto wake, ubavu wake, ndipo mfunge.

Na lile jambo la pili nililiona kwa bahati. Nilipolegeza, nikaivuta maski mbele kidogo isimguse uso, upepo ukaingia ndani ya ule mpira laini wa ukingoni, ukavimba kama shavu la mtoto anayepuliza moto. Nikairudisha polepole. Ikakaa. Ikajipanga yenyewe, ikafuata pua yetu pana, kona kwa kona. Ule mpira unaziba kwa kuvimba! Mimi nilikuwa naubana usivimbe, halafu nauliza kwa nini hauzibi. Mikanda kazi yake ni kushikilia tu. Nafasi ya kidole kimoja chini ya mkanda, Koku. Kidole chako, si cha Mwombeki. Mkanda wa juu na wa chini, kulia na kushoto kwa pamoja, kidogo kidogo, usivute upande mmoja kama unamfunga mbuzi.

Kwenye daraja la pua bado palivuja, pua ya Padre ilikuwa imeacha alama yake pale. Nilikata fulana yangu kuukuu ya pamba, duara lenye tundu katikati, nikaiweka kati ya ngozi na mpira. Pamba haikakamai kama jani, na inanyonya jasho. Uso unaoshwa kwa sabuni kabla, mafuta yasubiri asubuhi. Maski inaoshwa kila siku kwa maji ya uvuguvugu, maana mafuta ya uso yanaulegeza mpira na kuuchosha. Na umeme ukikatika, ambao mnaijua tabia yake, maski inavuliwa hapo hapo, hata kama amelala vizuri kama malaika. Bila upepo ile ni kifuniko.

Kulibaki mdomo. Akilala mdomo unafunguka, upepo unaingia puani unatokea mdomoni, kazi bure. Padre alikuwa ameniambia wengine hufunga kidevu kwa kitambaa kinachopita utosini. Nikachukua leso safi nyeupe, nikaipitisha chini ya kidevu cha Shangazi, nikafunga fundo juu ya kichwa.

Aliishika mikono yangu.

"Toa."

"Ni ya kushika taya tu, Shangazi."

"Najua ni ya nini. Baba yako nilimfunga hivi. Na mama yake Koku. Nimewafunga wote kwa mikono hii." Alisema taratibu, bila kulia. "Sitalala nimevaa hivyo."

Niliitoa. Hiyo leso msiilete tena, hata mtu aliyesoma wapi awaambie. Tulitafuta njia nyingine: kila jioni anasafisha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kwa sababu mtu anafungua mdomo pua ikiwa imeziba. Na mto tukauinua, na tukamzoesha ubavu. Mdomo ukajifunga wenyewe, siku nyingi zaidi kuliko zisizo.

Siku ya kwanza maski ilipokaa sawasawa, sote tuliamka alfajiri kwa hofu. Kulikuwa kimya. Koku alikwenda kuweka kiganja kifuani kwa Shangazi. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Jumamosi ikafika. Nyasi mpya sebuleni, rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu, ukoo umejaa hadi mlangoni. Shangazi alipokea wageni, akapiga magoti akawasalimu wakubwa, akagawa kahawa ya kutafuna, akakaa. Ta Anatori alihutubia. Ilikuwa hotuba ya kulaza hata mwenye jino linalouma. Mzee mmoja kwenye kona aliondoka duniani kwa muda. Shangazi alimtazama kaka yake macho makavu, mwanzo mpaka mwisho.

Ta Anatori alimaliza kwa kushangaa kidogo. "Sawa, leo hujalala. Lakini uso huo, Leokadia." Vidonda vilikuwa vimepona, ila michirizi myeusi ilikuwa bado inaonekana. "Tusifichane. Tumeona kwa wengine."

"Ni maski, kaka. Ilikazwa."

"Mpira laini ukate uso hivyo?"

"Proje, ilete."

Niliileta. Ta Anatori akaigeuzageuza kama sangara asiyemwamini. "Nivalishe mimi," akasema. "Palepale alipovaa yeye." Akajilaza kwenye nyasi mbele ya ukoo wote. Nikawasha. Sasa Ta Anatori ana ndevu, na masharubu yake peke yake yangetosha kusugulia masufuria. Upepo ulipita humo kama upepo kwenye shamba la mtama.

"Inapuliza! Kaza."

"Ni masharubu, Baba mkubwa. Ngozi ikiwa—"

"Kaza, nimesema!"

Katekisimu inasema tuwatii wakubwa. Nikakaza. Nikakaza kama siku zile za ujinga wangu. Akafungua mdomo aendelee kusema, upepo ukatoka hapo wote kwa pamoja, akaufunga macho yamemtoka. Ndipo tulipogundua faida nyingine ya Sipapu: mwenyekiti hawezi kuhutubia ameivaa.

Basi Shangazi akazungumza. Hakuwa amewahi kuzungumza kikaoni bila kukatizwa. Alisema watoto hawa wamezika wazazi, wasizikane na wao kwa wao. Alisema Koku anamjua Mwombeki akiota, na Mwombeki anajua Koku hali biringanya. Alisema sasa analala usiku kama watu, na mekoni anakesha macho, njooni mwone siku yoyote. "Mkiwagawa leo," akasema, "kesho mtawakutanisha wapi? Matangani?" Hata yule mzee wa kwenye kona alikuwa amerudi.

Nikamvua Ta Anatori maski. Akakaa. Watu wakamtazama. Ma Verdiana, ambaye hakualikwa lakini alikuwepo, akaweka mkono mdomoni.

"Waitu, Anatori! Hata wewe?"

Mkanda huu hapa, mkanda ule kule, mwekundu, shavuni hadi sikioni, na daraja la pua limebonyea. Mtu mmoja akaguna, wa pili akacheka, halafu nyumba nzima. Ta Anatori alidai kioo. Koku akakileta. Alijitazama muda mrefu, akajipapasa mchirizi mmoja kwa kidole, kisha akamtazama dada yake, michirizi kwa michirizi. Hakucheka.

"Leokadia," akasema, "mimi nilikuwa nimeshakuchagulia mahali. Kule chini kibanjani, kwenye migomba, karibu na makaburi ya kaka zetu."

"Papande mgomba," Shangazi akasema. "Hawa wanakula sana."

Aliupanda mwenyewe kabla ya kuvuka kurudi visiwani, na sisi tulibaki, wote, ndiyo maana nawahutubia hapa badala ya kuwaandikia. Haya, Koku, nawa mikono. Shangazi anataka kujinyoosha kidogo mchana huu. Wewe utamfunga, mimi nitakaa pembeni na mikono mfukoni, kama wastaafu wote, nikikwambia unakosea wapi.